Sosi ya nyanya ya Kiitaliano: Ipike nyumbani, lakini jihadhari na chupa

MSIMU wa nyanya unapofika na bei ya kreti kuanguka, watu wengi mijini hununua nyanya zaidi ya zile wanazoweza kutumia kwa juma moja. Nusu huishia katika mchuzi na kachumbari, na nusu nyingine huozea kapuni. Huko kusini mwa Italia, tatizo hili la nyanya kujaa kwa muda mfupi na kisha kuadimika ndilo lililowafunza watu kupika sosi na kuitia katika chupa ili iwafikishe hadi kiangazi cha mwaka unaofuata.

Sosi hiyo si ngumu kupika. Anayeweza kukaanga sukuma wiki anaweza kuipika. Nayo ni chakula chenye faida mwilini, kuliko ile sosi nyekundu tunayomwagia chipsi. Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya mapishi hulipita haraka: kuipika na kuila leo ni kazi moja, na kuihifadhi kwa miezi ni kazi nyingine kabisa. Anayezichanganya kazi hizi mbili anaweza kuwekea familia yake sumu kabatini bila kujua.

SI KETCHUP

Wengi wetu tunaposikia "sosi ya nyanya" tunafikiria ile ya chupa iliyo katika kila hoteli ya chipsi. Hiyo huitwa ketchup, na karibu robo ya uzito wake ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja tu kina sukari karibu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi na siki. Mtoto anayezimwagia chipsi zake vijiko vinne amekula sukari ya kutosha vikombe viwili vya chai.

Sosi ya Kiitaliano ni kitu kingine. Ni nyanya zilizoiva vizuri, mafuta kidogo, kitunguu au kitunguu saumu, majani ya kutia harufu na chumvi. Haina unga wa kuifanya iwe nzito, wala rangi, wala bizari. Hii ndiyo sosi inayoliwa na spageti na makaroni, inayopakwa juu ya pitsa, na ambayo Waitaliano waliohamia Malindi tangu miaka ya 1960, wakati wa mradi wa kurusha setilaiti wa San Marco, waliwafunza wapishi wengi wa mji huo.

Inashangaza kwamba Waitaliano wenyewe walichelewa kuipenda nyanya. Asili ya mmea huu ni Amerika, na ulifikishwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16. Mtaalamu wa mimea Pietro Andrea Mattioli aliuandika mwaka 1544, na baadaye ukapewa jina la "tufaha la dhahabu", ndiyo maana hadi leo Mwitaliano huita nyanya "pomodoro". Kwa muda mrefu watu wengi waliipanda kama pambo na kuitilia shaka kama chakula. Maelezo ya kwanza ya sosi ya nyanya yaliyochapishwa Italia yamo katika kitabu cha Antonio Latini, kilichotolewa mjini Naples kati ya 1692 na 1694. Yeye alichoma nyanya juu ya makaa, akazimenya, akazikatakata pamoja na kitunguu, pilipili na majani ya harufu, kisha akatia chumvi, mafuta na siki. Aliiita sosi ya Kihispania, na ilikuwa ya kula na nyama. Tambi hakuzitaja kamwe. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya tambi na sosi ya nyanya kuandikwa pamoja katika vitabu vya mapishi vya huko Naples.

FAIDA ZAKE MWILINI

Nyanya mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, takriban gramu 95 katika kila gramu 100. Katika sehemu ndogo inayobaki mna vitamini C, potasiamu, ufumwele kidogo na ile rangi nyekundu inayojulikana kwa wataalamu kama laikopini.

Mboga nyingi hupoteza ubora zinapopikwa sana, na nyanya pia hupoteza sehemu ya vitamini C. Lakini kwa laikopini mambo ni kinyume. Ikiwa katika nyanya mbichi, rangi hiyo imefungika ndani ya chembechembe za tunda, na mwili hupata kiasi kidogo tu. Moto huzivunja chembechembe hizo. Aidha, laikopini huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, hivyo utumbo huipokea vizuri zaidi ikiwa chakula kina mafuta kidogo. Kwa hiyo sosi iliyochemka nusu saa pamoja na vijiko vichache vya mafuta huupa mwili laikopini nyingi kuliko kachumbari ya nyanya hizo hizo. Sababu hiyo isikufanye uache kachumbari, maana vitamini C utaipata huko.

Laikopini hupambana na kemikali zinazoharibu seli za mwili. Kuna watu wanaouza vidonge vyake wakidai kwamba vinazuia saratani ya tezi-kibofu. Madai hayo yamepita ushahidi. Mwaka 2005 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliupima ushahidi uliokuwapo na kuona kwamba ni haba sana. Kula nyanya kwa sababu ni chakula kizuri, na pesa za vidonge nunulia matunda.

Wako wasiofaa kula sosi hii kwa wingi. Wenye kiungulia cha mara kwa mara huona kwamba nyanya zilizopikwa huwazidishia, hasa usiku. Wagonjwa wa figo walioambiwa na daktari wapunguze potasiamu nao wakumbuke kwamba sosi nzito ni nyanya nyingi zilizokusanywa katika sahani ndogo. Wamuulize daktari kwanza.

KUCHAGUA NYANYA

Waitaliano hujivunia aina iitwayo San Marzano, inayolimwa katika uwanda wa Sarno na Nocera, karibu na mlima wa volkano wa Vesuvius. Tangu 1996 sheria ya Ulaya inalinda jina la nyanya za San Marzano za eneo hilo. Ni nyanya ndefu, yenye nyama nene, mbegu chache na maji kidogo.

Huhitaji kuagiza kutoka Naples. Tafuta umbo na nyama, si jina. Sokoni kwetu nyanya za aina ya Cal J, Rio Grande na Roma, zile zenye umbo la yai, ndizo zinazofaa. Zile kubwa za mviringo, kama Money Maker, ni tamu katika saladi lakini zina maji mengi. Utazipika hadi gesi iishe kabla sosi haijawa nzito.

Nunua zilizoiva hadi kuwa nyekundu kabisa. Zikiwa na rangi ya chungwa, ziache mezani siku mbili tatu, mbali na jua. Usizitie kwenye friji kabla hazijaiva, kwa kuwa baridi huua ladha yake, na hiyo ndiyo sababu moja ya sosi nyingi kutoka chachu hata mpishi akalazimika kutia sukari.

Lile fungu la nyanya zilizopondeka ambalo mama mboga hukupunguzia bei jioni lafaa kuangaliwa mara mbili. Iliyobonyea tu, ngozi ikiwa haijapasuka, unaweza kuipika siku hiyo hiyo. Iliyopasuka na kutoa maji, au iliyoota ukungu hata kidogo, itupe nzima. Nyanya ni laini, na ukungu huenda ndani kuliko jicho linavyoona. Tena ukungu hupunguza uchachu wa nyanya, na tutaona hapo mbele kwa nini uchachu huo ni ulinzi wetu.

Nyanya hunyunyiziwa dawa za wadudu na za ukungu mara nyingi zikiwa shambani. Zioshe moja moja chini ya maji yanayotiririka, ukizisugua kwa mkono. Kuzimenya huondoa zaidi. Ni kweli kwamba ngozi ina laikopini nyingi, lakini kwa nyanya ambazo hujui zilinyunyiziwa lini, mimi ningemenya.

MAPISHI

Kwa watu sita, tayarisha nyanya kilo moja na nusu, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, punje mbili za kitunguu saumu au kitunguu kimoja kidogo, majani manane hivi ya mrehani, na chumvi nusu kijiko cha chai.

Kuhusu mafuta, Waitaliano wa kusini hutumia ya zeituni. Kama bei yake inakutisha, mafuta ya alizeti au ya mahindi yatafanya kazi ile ile ya kubeba laikopini, ingawa ladha itapungua. Yale mafuta magumu ya kupikia hayafai hapa. Mrehani nao ni ndugu wa ule ambao akina mama wa Pwani huuchanganya na asumini katika vikuba. Ule wa Kiitaliano una majani mapana na harufu ya upole, na huota vizuri katika mkebe dirishani. Ukiukosa, pika bila majani kuliko kutia dania, kwa sababu dania itakurudisha kwenye mchuzi wa kila siku.

Chemsha maji katika sufuria. Kata alama ndogo ya msalaba chini ya kila nyanya, zitumbukize kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha zihamishie katika maji baridi. Ngozi itavuka kwa vidole. Zikate katikati na uzikamue mbegu ndani ya chungio lililowekwa juu ya bakuli. Usiyamwage maji yanayochuja. Ule ute unaozunguka mbegu ndio wenye ladha nyingi zaidi ya nyanya, hivyo mbegu zitupe na maji yake urudishe sufuriani. Kisha katakata nyanya.

Sasa tia mafuta na kitunguu saumu kilichopondwa kidogo katika sufuria ambayo bado ni baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tumezoea kuyapasha mafuta hadi yatoe moshi na kukaanga kitunguu hadi kiwe kahawia. Sosi hii haitaki hivyo. Kitunguu saumu kikishaungua, uchungu wake hauondoki tena. Kikianza tu kupata rangi ya dhahabu na harufu ikijaa jikoni, mimina nyanya zote na maji yake, tia chumvi, na uongeze moto hadi zichemke.

Baada ya hapo punguza moto na uache sufuria wazi, ukikoroga kwa mwiko mara kwa mara, hasa chini. Ukifunika, mvuke utarudi ndani na sosi itabaki maji. Itachukua dakika 30 hadi 40. Alama ya kwamba imeiva ni mafuta kuanza kujitenga pembeni, na mwiko ukipitishwa chini ya sufuria huacha njia ambayo haijifungi mara moja. Tia majani ya mrehani yaliyochanwa kwa mkono wakati wa kuzima moto, si mapema. Ukitaka iwe laini, ipitishe katika chungio au mashine ya kusagia.

Ikiwa bado ni chachu mno, wakati mwingine pika na karoti moja iliyoparwa. Kuna wanaotia magadi kidogo ili kuua uchachu. Kwa sosi ya kuliwa leo halitakudhuru, ingawa ladha itakuwa kama ya sabuni. Kwa sosi ya kuhifadhi, ni mwiko kabisa.

Neno moja juu ya sufuria. Nyingi ya sufuria zetu ni za alumini, na asidi ya nyanya hula alumini kidogo kidogo, zaidi ikikaa muda mrefu. Kupika humo mara moja moja si jambo la kumtisha mtu mwenye afya, lakini chuma kisichoshika kutu au sufuria iliyopakwa enameli ni bora. La muhimu ni kwamba sosi isilale humo. Ihamishie katika bakuli la kioo au la udongo mara inapopoa.

Kwa upande wa spageti, Waitaliano huhesabu gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kwa mtu mmoja, basi pakiti ya nusu kilo inawatosha hao sita. Zitoe kwenye maji zikiwa bado na ukakamavu kidogo, uzitie ndani ya sosi pamoja na kikombe nusu cha maji zilimochemkia, na uzigeuze kwa dakika moja juu ya moto. Sosi izipake tambi, isizifunike kama mvua ya masika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo ukishatia chumvi katika maji ya tambi, uwe na mkono mzito kwenye sosi.

KUHIFADHI KWENYE BARIDI

Sosi hii yenye mafuta na kitunguu saumu hukaa katika friji siku tatu hadi nne. Ipoeshe na uitie humo ndani ya saa mbili baada ya kupika. Ukitaka kuiweka miezi mitatu, igawe katika mifuko au mikebe midogo ya kutosha mlo mmoja, uache nafasi juu kwa kuwa hupanuka ikiganda, na uitie katika friza.

Umeme ukipotea, usifungue mlango kila mara kuchungulia. Friza iliyojaa hushika baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu.

Kwa watu wengi mijini, hii ndiyo njia ningeipendekeza. Ni salama na haihitaji hesabu.

KUHIFADHI KWENYE CHUPA

Lakini si kila nyumba ina friza, na kreti moja ya nyanya ni zaidi ya friza ndogo inavyomeza. Ndipo mtu hukumbuka chupa.

Huko kusini mwa Italia, hasa mwezi wa Agosti, familia nzima hukusanyika uani, babu, nyanya na wajukuu, kwa kazi ya siku moja au mbili. Nyanya huchemshwa, hupitishwa katika kichujio kinachoondoa ngozi na mbegu, na rojo hilo, wanaloliita passata, hutiwa katika chupa, mara nyingi pamoja na jani moja la mrehani. Chupa hufungwa, hupangwa ndani ya pipa na vitambaa kati yake zisigongane, pipa hujazwa maji na kuchemshwa juu ya moto wa kuni. Kisha huachwa humo hadi zipoe.

Ona wanachokitia: nyanya, na jani. Mafuta, kitunguu na kitunguu saumu huingia baadaye, siku chupa inapofunguliwa na sosi kupikwa. Mila hii ina sababu ya kisayansi hata kama bibi aliyeifuata hakuwahi kuisoma.

Katika udongo wa kila mahali mna bakteria iitwayo Clostridium botulinum. Ikizingirwa na hali ngumu hujigeuza kuwa kama mbegu ndogo yenye ganda, na mbegu hiyo haifi kwa maji yanayochemka. Ikiwekwa mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo uchachu wa kutosha, huota na kutoa sumu kali mno inayosababisha ugonjwa wa botulizimu. Chupa iliyofungwa vizuri haina hewa. Rojo la nyanya lina unyevu. Kinachobaki kutulinda ni uchachu peke yake.

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo cha pH, ambapo namba ikishuka uchachu huzidi. Mbegu za bakteria hiyo haziwezi kuota chini ya pH 4.6. Nyanya nyingi ziko chini kidogo ya hapo, lakini baadhi hupanda juu yake, hasa zilizoiva kupita kiasi au zilizoanza kuharibika. Yaani nyanya imekaa mpakani. Kitunguu, kitunguu saumu, karoti na pilipili hoho hazina uchachu wa kutosha, na ukizitia chupani huivusha sosi mpaka huo. Mafuta nayo hufunika na kuzuia hewa. Magadi huua uchachu wenyewe, ndiyo sababu nikasema ni mwiko.

Ugonjwa huu si hadithi. Italia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye visa vingi vya botulizimu, na vingi hutokana na mboga zilizohifadhiwa majumbani, hasa katika mafuta. Hapa kwetu pia umewahi kuonekana: mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza liliandika juu ya wagonjwa nchini Kenya waliokula kumbikumbi waliokuwa wamefungiwa katika mfuko wa plastiki.

Basi anayetaka kutia chupani afuate haya. Tumia nyanya nzima, ngumu kiasi, zisizo na doa. Chemsha rojo tupu hadi liwe zito. Chukua chupa za kioo zenye mdomo mpana, za nusu lita, zisizo na ufa, na vifuniko vipya vya kukaza. Zioshe kwa maji moto na sabuni. Katika kila chupa ya nusu lita tangulia kutia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya kununua, yaliyotiwa chupani kiwandani, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Limau la sokoni halitoshi hapa, si kwa sababu ni baya bali kwa sababu uchachu wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda, na wewe huna kipimo. Mimina rojo likiwa moto, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu, futa mdomo wa chupa na ufunge.

Panga chupa katika sufuria ndefu juu ya kitambaa, maji moto yapite vifuniko kwa vidole viwili, na uanze kuhesabu dakika pale tu maji yanapochemka kwa nguvu.

Hapa mkaazi wa bara asiige kitabu cha Pwani. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Joto likipungua, muda huongezwa. Kwa chupa za nusu lita, wa Mombasa, Malindi na Lamu wahesabu dakika 35. Wa Voi dakika 40. Wa Kisumu na Nairobi dakika 45. Wa Nakuru, Eldoret na Nyahururu, zilizo juu ya mita 1,800, dakika 50. Vitongoji vya Nairobi vinavyoelekea Limuru navyo hupita kiwango hicho, kwa hiyo anayekaa huko achukue dakika 50. Maji yakiacha kuchemka katikati, anza kuhesabu upya.

Zitoe taratibu na uziweke juu ya mbao au kitambaa, si juu ya saruji baridi, kwa kuwa kioo hupasuka. Kesho yake bonyeza kila kifuniko katikati. Kikichezacheza juu na chini, chupa hiyo haikushika. Itie katika friji na uile ndani ya siku hizo tatu nne. Zilizoshika ziandikwe tarehe na ziwekwe mahali pa giza na baridi, na zimalizwe ndani ya mwaka mmoja.

SIKU YA KUFUNGUA

Kifuniko kilichovimba, chupa inayovuja, povu au maji yanayoruka unapofungua, harufu usiyoielewa: hizo zote ni za kutupwa, na usionje hata kwa ncha ya kijiko. Funga ndani ya mifuko miwili, weka mbali na watoto, kuku na mbwa, kisha unawe mikono kwa sabuni. Lakini jua kwamba sumu ya botulizimu yaweza kuwemo bila harufu wala rangi. Ndiyo maana sosi yoyote ya chupa ya nyumbani yafaa ichemshwe tena kabla ya kuliwa, dakika 10 Pwani na dakika 20 bara, kwa kuwa sumu yenyewe, tofauti na zile mbegu, huharibiwa na moto. Dakika hizo ndizo zile zile utakazozitumia kuichanganya na mafuta na kitunguu saumu.

Dalili za ugonjwa huonekana mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, kinywa hukauka, ulimi huwa mzito na kumeza kunakuwa taabu. Baadaye mikono na miguu huishiwa nguvu na pumzi hukatika. Mara nyingi hakuna homa, na akili hubaki timamu, jambo ambalo huwafanya watu wa nyumbani wadhani ni uchovu au kwamba mtu amelewa. Usingoje asubuhi na usimpe dawa ya kienyeji. Iko dawa ya kuzuia sumu hiyo isiendelee, na hufaa zaidi ikitolewa mapema, na mgonjwa aweza kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, umweleze daktari alikula nini na lini, na uibebe ile chupa pamoja na kilichobaki ndani yake.